Ukiona Vyaelea: Namna ya Kukagua Utafiti wa Afya, Ndani na Nje

Ziwa ni moja, swali lilikuwa moja, majibu yakaja mawili.

Mkoani Mwanza, kusini mwa Ziwa Victoria, watafiti wa AMREF, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na London School of Hygiene and Tropical Medicine waliuliza mwanzoni mwa miaka ya 1990: tukitibu vizuri magonjwa ya zinaa, je, maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yatapungua? Walichagua jamii 12. Sita ziliboreshewa matibabu hayo katika zahanati na vituo vya afya, sita zikangoja zamu yao. Baada ya miaka miwili, walioambukizwa walikuwa asilimia 1.2 upande ulioboreshewa na asilimia 1.9 upande uliongoja, yaani pungufu ya takriban asilimia 40. Jarida la The Lancet lilipochapisha matokeo hayo mwaka 1995, wapangaji wa mipango ya afya walitega masikio.

Magharibi mwa ziwa hilohilo, wilayani Rakai nchini Uganda, wenzao walilifuata swali lilelile kwa njia nyingine. Hawakungoja mgonjwa aje zahanati. Walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi kumi wakiwapa watu wazima dawa za magonjwa ya zinaa wazimeze palepale, wenye dalili na wasio na dalili. Upande wa kulinganisha ulipewa dawa za minyoo, madini ya chuma na vitamini. Majibu yalitoka mwaka 1999: maambukizi mapya yalikuwa 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka, pande zote mbili. Hakuna tofauti.

Msomaji mwenye haraka huuliza ni nani aliyekosea. Mjuzi wa kazi hii huuliza maswali mawili, tena kwa zamu. La kwanza: hapo hapo mahali utafiti ulipofanyika, na kwa watu walewale, je, tofauti iliyoonekana ilitokana na dawa, au kuna mkono mwingine uliopita? Huo tunauita uhalali wa ndani. La pili: jibu hilo likihamishiwa kwa watu wengine, mahali pengine, wakati mwingine, litasimama? Huo ni uhalali wa nje. Mwanasaikolojia wa Marekani, Donald Campbell, ndiye aliyeyatenganisha maswali haya mwaka 1957, na mwaka 1963 yeye na Julian Stanley wakayafanya kuwa msamiati wa kila mtafiti. Walisisitiza kwamba la ndani hutangulia. Kitu ambacho hakikutokea Mwanza hakina haja ya kuulizwa kama kitatokea Kigoma.

Wahenga wa pwani walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Chombo kinachoelea kina mbao zilizochongwa, misumari iliyopigwa na kalafati iliyozibwa na mkono wa mtu, na fundi mwingine akipanda huona kila kiungo. Utafiti nao una viungo vyake. Hivi ndivyo vya kugusa kwa kidole kabla ya kuusifu au kuukataa.

Mwenzake yuko wapi?

Dawa haipimwi peke yake. Homa nyingi hupoa zenyewe, maumivu hupanda na kushuka, na mgonjwa hutafuta tiba siku maumivu yamepanda kabisa. Kesho yake, hata akinywa maji ya mtungini, huenda akaamka afadhali. Mwaka 2011 misururu ya magari ilienda Samunge, Loliondo, watu wakanywe kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Ushuhuda ulikuwa mwingi. Lakini ushuhuda hautoki kwa aliyefia njiani, wala kwa aliyerudi kwao na ugonjwa wake akanyamaza. Anayesikika ni yule aliyepata nafuu, na hakuna anayejua angekuwaje bila kikombe.

Wenye makoti meupe nao huteleza hapo hapo. Mwaka 1990 Kenya ilitangaza KEMRON kuwa dawa ya UKIMWI kwa msingi wa wagonjwa waliopewa dawa na kuonekana wana nafuu, bila kundi la kulinganisha. Majaribio yaliyofuata, yenye kundi hilo, hayakuona faida.

Kwa hiyo tafuta kundi la kulinganisha kabla ya kutafuta asilimia. Jihadhari na utafiti wa "kabla na baada", unaochukua kituo kilekile mwaka jana na mwaka huu. Kati ya miaka hiyo miwili mvua zimebadilika, vyandarua vimegawiwa, mganga mfawidhi kahamishwa na mwingine kaletwa. Mabadiliko yote hayo yatajipachika kwenye jina la mradi.

Bahasha

Kundi la kulinganisha likiwepo, uliza ni nani aliyeamua mgonjwa yupi aende wapi. Jibu zuri ni kwamba hakuna aliyeamua, kura iliamua. Lakini neno "nasibu" kwenye ripoti halitoshi. Itazame kura yenyewe ilivyopigwa.

Fikiria wodi ya watoto saa nane usiku. Muuguzi ana mtoto mahututi mbele yake na bahasha mkononi. Ndani ya bahasha mna karatasi inayosema mtoto apewe tiba mpya au ya kawaida. Bahasha ikiwa nyembamba, ataiinua kwenye taa. Akisoma humo neno ambalo moyo wake haulitaki kwa mtoto huyu, ataiweka pembeni na kuchukua inayofuata. Hana hila, ana huruma. Huruma hiyo ikijirudia mara ishirini, watoto walio hoi zaidi watakuwa wamerundikana upande mmoja, na takwimu zote zitakazofuata zitakuwa zinapima huruma ya muuguzi.

Ndiyo maana jaribio la dawa ya streptomycin dhidi ya kifua kikuu, lililochapishwa Uingereza mwaka 1948, linaheshimiwa hadi leo. Austin Bradford Hill alihakikisha mgao umefungiwa ndani ya bahasha, daktari asiujue mpaka mgonjwa awe amekwisha kubaliwa kuingia. Katika ripoti nzuri utasoma kwamba bahasha zilikuwa nene zisizopitisha mwanga, zenye nambari mfululizo, au kwamba kituo kilipiga simu ofisi ya mbali kuuliza mgao. Katika ripoti dhaifu utasoma kwamba wa Jumatatu walipata dawa na wa Jumanne hawakupata, au kwamba faili za namba shufwa zilikwenda huku na za witiri kule. Hiyo ni kura ambayo kila mtu ameshaiona kabla haijapigwa.

Jedwali la kwanza

Karibu kila ripoti ya jaribio ina jedwali la kwanza linaloeleza watu walivyokuwa siku wanaanza: umri, jinsia, uzito, ukali wa ugonjwa, elimu, umbali hadi kituo. Wasomaji wengi hulirusha, wakakimbilia matokeo. Mimi huanzia hapo. Safu mbili za jedwali hilo zinatakiwa zifanane kama mapacha. Ukikuta upande mmoja wana umri wa miezi 14 na mwingine miezi 31, rudi kwenye bahasha, kuna mahali pamevuja.

Kazi huwa ngumu zaidi kinapogawiwa kijiji kizima badala ya mtu mmoja mmoja. Ukipiga kura kwa vijiji 12 tu, huna wingi wa kukusawazishia mambo. Fundi mzuri hupanga jozi kwanza. Mwanza walioanisha jamii zinazofanana: ya barabarani na ya barabarani, ya mwambao na ya mwambao, ya kisiwani na ya kisiwani, ya mashambani na ya mashambani. Kura ikapigwa ndani ya kila jozi. Wasingefanya hivyo, ingewezekana visiwa vyote, pamoja na wavuvi wao na pesa zao za msimu, viangukie upande mmoja.

Waliopotea

Baada ya jedwali, tafuta mchoro wa mtiririko wa washiriki: wangapi walifikiwa, wangapi waliingia, wangapi walionekana mwishoni. Tangu mwongozo wa CONSORT ulipotoka mwaka 1996, majarida makubwa yamekuwa yakidai hesabu hiyo iwe wazi.

Mwanza waliandikisha watu 12,537. Miaka miwili baadaye waliwaona tena 8,845, yaani asilimia 71. Wengine walikwenda wapi? Mtu wa kule hahitaji kuambiwa: kijana kafuata machimbo, mvuvi kahamia mwalo mwingine, mke kaachika karudi kwao, mwingine ni marehemu. Hawa hawapotei kwa bahati nasibu. Anayehamahama mara nyingi ndiye aliye karibu zaidi na hatari inayopimwa. Kwa hiyo usitishike na idadi peke yake, tazama mizani. Waliopotea wakikaribiana pande zote mbili, imani yako ipungue kidogo tu. Wakiwa wachache huku na mara nne yake kule, weka ripoti chini.

Hakikisha pia kwamba kila mtu amehesabiwa kule alikopangwa na kura, hata kama hakumeza dawa. Mtafiti akiwaondoa "waliokataa maelekezo" baada ya mchezo kuanza, amebomoa kwa mkono wa kushoto alichokijenga kwa bahasha.

Adabu ya mwenyeji

Kiungo hiki ni chetu hasa, na vitabu vya kigeni hukieleza kwa ufupi mno. Mgeni amekuja na gari la mradi, kavaa kitambulisho shingoni, kakalishwa kwenye kiti kizuri cha nyumba. Anauliza: "Mama, mtoto alilala ndani ya chandarua usiku wa jana?" Mama atajibu nini? Chandarua alipewa na mradi huohuo. Kumwambia mgeni kwamba kimetumika kufunikia vifaranga ni kumvunjia heshima. Hapo adabu imekuwa kosa la kipimo, na litaegemea upande mmoja, upande uliofundishwa jibu.

Mkoani Mwanza tuna ushahidi mzuri wa jambo hili. Mpango wa MEMA kwa Vijana ulipeleka elimu ya afya ya uzazi shuleni na huduma rafiki kwa vijana katika jamii 10, nyingine 10 zikiwa za kulinganisha, kuanzia mwaka 1999. Vijana walipohojiwa, waliofundishwa walijua zaidi na baadhi ya tabia walizosimulia zilikuwa salama zaidi. Walipopimwa, maambukizi ya virusi vya UKIMWI hayakuonyesha tofauti ya kuaminika. Sifa ya watafiti wale ni kwamba waliweka vyote viwili, mahojiano na vipimo vya maabara, kisha wakaandika wazi kwamba havikuongea lugha moja. Wangeishia kwenye dodoso, leo tungekuwa na mafanikio ya karatasi.

Kanuni basi ni nyepesi: kadiri kipimo kinavyotegemea maneno au jicho la mtu, ndivyo inavyolazimu anayepima asijue aliyepo mbele yake ni wa kundi gani. Kipimo kikiwa kifo au damu, ulegevu kidogo unavumilika.

Ukuta unaovuja

Kuna kosa la mwisho la ndani ambalo huja na sura ya heri. Huko Asembo, magharibi mwa Kenya, vijiji vilipigiwa kura ya kupata vyandarua vyenye dawa ya mbu. Watafiti walipochora ramani waligundua kwamba hata watoto wa vijiji visivyopewa, waliokaa ndani ya mita 300 kutoka kijiji kilichopewa, walipata kinga. Mbu waliokufa upande huu hawakuvuka kwenda upande ule. Kwa jirani ni neema. Kwa hesabu ya kawaida ni hasara, maana kundi la kulinganisha limeonja tiba na tofauti imeonekana ndogo kuliko ilivyo. Ukisoma utafiti wa vijiji, tafuta ramani. Ikiwa haipo, uliza vijiji vilikuwa mbali kiasi gani, na kama watu wake huenda gulio moja.

Kazi moja chini ya taa

Tuchukue kazi moja nzima tuipitishe kwenye viungo hivi. Mwaka 2011 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio liitwalo FEAST. Swali lake lingemshangaza bibi yeyote anayeuguza mjukuu: je, mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko wa mwili, akitundikiwa dripu ya haraka, anapona zaidi? Kwetu dripu ndiyo alama ya kwamba hospitali imeanza kazi. Na vitabu vya nchi tajiri viliagiza hivyohivyo.

Watoto 3,141 waliingia katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Makundi mawili yalipewa maji mengi ya haraka, moja chumvi ya kawaida na jingine albumini, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa ya mwanzo. Kundi la tatu halikupewa maji ya haraka, lakini lilipata kila kitu kingine: antibiotiki, dawa ya malaria, maji ya taratibu. Baada ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya waliopata albumini, asilimia 10.5 ya waliopata chumvi, na asilimia 7.3 ya wasiopata dripu ya haraka. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama wa washiriki ilisimamisha jaribio.

Kagua. Mwenzake yupo, tena kapewa huduma nzuri. Mgao ulikuwa wa kura. Dripu haifichiki, kila mtu wodini aliona nani katundikiwa, hapo kuna udhaifu. Lakini kilichopimwa ni kifo, na kifo hakibadiliki kwa maoni ya muuguzi. Makundi mawili ya dripu, yaliyopewa maji tofauti, yalitoa jibu moja. Ndani, kazi hii imesimama.

Sasa geuka usome orodha ya wasioruhusiwa kuingia, na uisome polepole. Watoto wenye utapiamlo mkali hawakuwemo. Wenye kuharisha na kutapika hawakuwemo. Walioungua hawakuwemo. Mtu anayefupisha FEAST kuwa "dripu inaua", kisha akamnyima maji mtoto wa kipindupindu, ameua kwa utafiti mzuri. Kosa halimo ndani ya jaribio. Limo kwenye safari aliyolisafirisha.

Kutoka nje

Hapo ndipo tunapoingia kwenye uhalali wa nje, na hapo ndipo makosa ya wanafunzi wetu hurundikana. Karibu kila tasnifu huandika kwenye mapungufu kwamba matokeo hayawezi kutumika kwingine "kwa sababu sampuli ni ndogo". Udogo wa sampuli unafanya jibu liyumbe, haulifungi mahali. Watu milioni moja wa mji mmoja bado ni watu wa mji mmoja. Kinachofunga jibu mahali ni mambo manne: ni nani aliyeingia, alihudumiwa kwa msaada gani wa ziada, alilinganishwa na huduma ipi, na wakati gani.

La tatu ndilo husahaulika, na FEAST ina ndugu wanaolionyesha. Katika jaribio la hospitali moja ya Detroit, lililochapishwa mwaka 2001, watu wazima 263 wenye maambukizi makali ya damu walipewa ama huduma ya kawaida ama ratiba kali ya saa sita za mwanzo, yenye maji mengi na vipimo vya kila mara. Vifo vilishuka kutoka asilimia 46.5 hadi 30.5. Ratiba hiyo ikaenea duniani. Majaribio matatu makubwa ya mwaka 2014 na 2015, katika Marekani, Australia na Uingereza, hayakuona faida tena. Huduma ya kawaida ilikuwa imebadilika: madaktari walikuwa wamekwisha kujifunza kutoa antibiotiki na maji mapema, kwa hiyo ratiba haikuwa na cha kuongeza. Na Lusaka, katika hospitali kuu ya kufundishia, jaribio lililochapishwa mwaka 2017 lilipima ratiba inayofanana nayo kwa watu wazima ambao wengi wao waliishi na virusi vya UKIMWI. Waliofuata ratiba walifariki asilimia 48.1, waliopata huduma ya kawaida asilimia 33.0. Maji yaliyosaidia Detroit, penye mashine za kupumulia na chumba cha wagonjwa mahututi, yalidhuru Lusaka, mahali ambapo mapafu yakijaa maji vifaa vya kupumulia ni haba.

Na chanjo? Chanjo ya malaria ya SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia, ilijaribiwa kijijini Idete karibu na Ifakara kwa watoto 586 wa mwaka mmoja hadi mitano. Mwaka 1994 ilitangazwa kupunguza malaria kwa asilimia 31, ingawa ukingo wa chini wa makadirio uligusa sifuri. Ilipopelekwa kwa watoto wachanga wa Gambia na kwa watoto wa kambi ya wakimbizi Thailand, haikuwakinga. Msomaji aliyeutazama ukingo ule asingeshangaa. Jibu linaloyumba nyumbani halina miguu ya kusafiria.

Turudi ziwani

Basi nani alikosea kati ya Mwanza na Rakai? Ukizipitisha kazi zote mbili kwenye viungo vya ndani, zote zinaelea. Hakuna aliyekosea. Walichotofautiana ni ziwa la watu, si ziwa la maji.

Mwanza virusi vilikuwa vimewafikia takriban asilimia 4 ya watu wazima wakati kazi inaanza. Rakai walikuwa asilimia 16. Gonjwa linapokuwa changa, maambukizi mengi hupitia kwa wenye wapenzi wengi na magonjwa ya zinaa yanayotibika, kwa hiyo ukiyaziba hayo umeziba mlango mkuu. Gonjwa likikomaa, virusi vimekwisha kuingia kwenye ndoa na nyumba za kawaida, na mlango huo si mkuu tena. Rakai pia sehemu kubwa ya vidonda vya sehemu za siri ilisababishwa na virusi vya herpes, ambavyo dawa zilizogawiwa hazivigusi. Tena Waganda walikuwa wamekwisha kupunguza tabia hatarishi. Timu za Mwanza, Rakai na jaribio la tatu, la Masaka nchini Uganda, zilipokaa pamoja na kuchambua upya takwimu zao, tofauti hizi za watu na za umri wa gonjwa ndizo zilizoeleza sehemu kubwa ya tofauti ya majibu.

Linganisha na tohara ya wanaume. Majaribio matatu, Orange Farm nchini Afrika Kusini mwaka 2005, kisha Kisumu na Rakai mwaka 2007, yalikuta maambukizi kwa wanaume yakipungua kwa kati ya nusu na asilimia 60. Nchi tatu, makabila tofauti, gonjwa la rika tofauti, jibu moja. Kwa nini hili lilisafiri na lile la Mwanza halikusafiri? Kwa sababu kinachofanya tohara ifanye kazi kimo kwenye ngozi ya mwanaume, na ngozi hiyo anayo popote aendapo. Kilichofanya matibabu ya Mwanza yafanye kazi kilikuwa kwenye mahali na wakati wake.

Hapo ndipo ulipo ustadi wa kuhukumu uhalali wa nje. Hesabu ya asilimia haitakuambia kama jibu litasafiri. Sababu itakuambia. Ukijua kwa nini dawa ilifanya kazi pale, nenda kaulize kama hiyo "kwa nini" ipo kwako. Ikiwepo, chukua. Isipokuwepo, pima upya.

Kwa hiyo soma kwa mpangilio huu: kundi la kulinganisha, bahasha, jedwali la kwanza, waliopotea, aliyepima, ramani. Kiungo kimoja kikikatika, usihangaike na mengine. Vyote vikishika, ndipo usome nani alizuiwa kuingia, alipewa msaada gani, alilinganishwa na nini, lini, na kwa nini.

Nanyi mnaoandika tasnifu na ripoti mwaka huu, tuandikieni mahali. Semeni zahanati ilikuwa na dawa siku ngapi kwa mwezi, ilikuwa na wahudumu wangapi, gari la mradi lilifika mara ngapi, na kundi la kulinganisha lilipata nini hasa. Msiandike tu "wilaya ya vijijini". Muuguzi wa Sumbawanga au Lodwar atakayeisoma kazi yenu baada ya miaka mitano hatakuwa na njia nyingine ya kujua kama mliandika habari za wagonjwa wake.